Msalaba wa Kando ya Barabara

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tatu Oktoba 1942, siku Wajerumani walipowatoa Wayahudi wote kijijini. Walenty, mtoto wa miaka sita, alikuwa malishoni na ng'ombe. Alimwona Fajga, binti wa fundi viatu jirani yao, akivuka kijito, viatu mkononi. Hakumwona akirudi.

Sasa Walenty ni mzee, tena mjane. Shule ilimpita. Mkewe alifia kitandani kwa kukosa gari la wagonjwa, lililokuwa limekwenda kumchukua mkubwa fulani, na tangu hapo Walenty hawaamini wakubwa hata wakisema kumekucha.

Mara ngapi aliwaambia kwamba shimo walimouawa na kufukiwa Wayahudi wale liko bondeni, penye zizi la nguruwe la mwenyekiti wa kijiji? Wakamcheka. Wakasimamisha msalaba wa ukumbusho kando ya barabara, mahali pazuri pa kuegesha magari. Jumapili askofu angekuja kuubariki.

Ndipo akaja Sista Hieronima, mtawa na profesa wa historia, azungukaye vijiji vya Poland kutafuta makaburi ya namna hiyo. Hachimbi, sheria ya Wayahudi haitaki mifupa isumbuliwe. Yeye humsimamisha shahidi pale pale aliposimama siku ile, kisha huuliza.

"Jua lilikuwa upande gani, Mzee Walenty?"

"Lilinichoma shavu hili."

"Na milio ya bunduki?"

"Kule. Ng'ombe walikimbilia huku."

Mwenyekiti Dionizy akafika akihema, nusu ya kijiji nyuma yake. "Sista, huyu akili zake alizizika na mkewe! Mchunga ng'ombe tangu lini akafundisha historia?"

"Waulize nguruwe wako, Dionizy," Walenty akamjibu. "Ndio wanaolala juu yao."

"Mzee, usituaibishe! Askofu anakuja!"

"Aje," akasema Sista. "Ila msalaba ule utaondoka. Waliokufa hawakuwa Wakristo, na wala hawapo pale."

Walenty akashuka bondeni, akapita zizini, matope yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Akasimama.

"Fajga yuko hapa."

Sista akachomeka kijiti mbele ya miguu yake, akanong'ona sala. Kisha akawageukia wazee waliojipanga kwenye ua, mmoja mmoja, bila hasira.

"Wajerumani walifika asubuhi ile wakiwa na bunduki tu. Shimo walilikuta tayari. Makoleo ya kulichimba yalitoka nyumba za nani?"