Seti ya Tano

Magari mawili ya matangazo yaliegeshwa nyuma ya ukumbi wa michezo, bavu kwa bavu. Moja lilikuwa la televisheni ya umma, rangi imeanza kubabuka milangoni. Ndani yake aliyeongoza matangazo alikuwa mwanamke ambaye wapiga picha walimwita Bi Tulia, kwani ndilo neno alilowaambia kutwa. La pili, jipya linalong'aa, lilikuwa la kituo cha televisheni cha kibiashara, na aliyeongoza humo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye aliitwa Chapuchapu tangu utotoni, kwa kumaliza sahani kabla wenzake hawajanawa mikono.

Siku hiyo vituo vyote viwili vilikuwa vikionyesha fainali ya mpira wa wavu ya wanawake. Bi Tulia alikuwa na kamera tatu. Mdogo wake alikuwa nazo kumi na moja, nyingine juu ya wavu, nyingine zikichungulia mistari. Mama yao, nyumbani, alitazama seti moja huku na seti moja kule, asije akaambiwa anapendelea.

Wiki nzima walikuwa wametaniana. Chapuchapu alisema picha za dada yake zimeganda kama kalenda ya ukutani. Dada naye akasema za mdogo wake zinampa mtu kizunguzungu, na kabla hakijaisha mtu huyo ameshauziwa sabuni. Lakini moyoni kila mmoja alikitamani cha mwenzake. Dada alizitamani zile kamera. Mdogo mtu alitamani japo mechi moja isiyokatwakatwa.

Nahodha wa timu ya nyumbani alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na tisa, na hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Timu yake ilipoteza seti mbili za mwanzo, watu wakaanza kutafuta mlango. Ikashinda ya tatu, kisha ya nne, na ukumbi mzima ukasimama.

Seti ya tano ilipofika nne kwa nne, ikagonga saa kumi na mbili jioni. Chapuchapu alikuwa amebishana na makao makuu hadi sauti ikakauka, wala hawakumsikiliza. Mkataba wa tamthilia uliitaja saa hiyo, na wenye tamthilia hawakujua mpira wala wavu. Matangazo yake yakakatwa. Kwenye gari lake picha kumi na moja ziliendelea kuwaka bila mtazamaji hata mmoja.

Akampigia bosi wake tena na kumwomba jambo jingine. Alipokata simu alitoka mbio akagonga mlango wa gari la pili.

"Dada, nina kamera kumi na moja na sina pa kuzipeleka. Zichukue."

Bi Tulia alidhani ni utani mpaka alipomtazama usoni. Akauliza kama wakubwa wake wanajua. Chapuchapu akasema wamekubali, mradi nembo yao ionekane pembeni ya picha. Mkubwa wa Bi Tulia, alipopigiwa simu, alikubali kabla swali halijaisha. Mafundi wawili wakaburuta waya kutoka gari hadi gari, na timu zilipobadilishana upande, nane kwa saba, kamera zote kumi na nne zilikuwa mbele ya Bi Tulia.

Mdogo wake akaketi ubavuni kwake na kuanza kumnong'oneza namba: sita, sasa mbili, sasa kumi. Dada alichukua baadhi, nyingine akaziacha zipite. Kila Chapuchapu alipotaka kuruka haraka kwenye picha nyingine, dada alimgusa goti na kumwambia atulie. Baada ya pointi chache wakawa kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Kumi na tano kwa kumi na nne, timu ya nyumbani ikiongoza, muuguzi aliruka akapiga. Mpira ukaanguka pembezoni, mwamuzi wa mstari akaashiria nje.

"Namba tisa," alisema Chapuchapu. "Irudishe polepole."

Hapo picha ikaonyesha mpira ukibonyea juu ya mstari mweupe. Mwamuzi mkuu, ambaye mashindano hayo yalimruhusu kuangalia televisheni, aliinama mbele ya skrini ya mezani, akatazama mara mbili, akaonyesha ndani. Mechi imekwisha.

Chapuchapu alikuwa na picha kumi za kushangilia na vidole vikimwasha. Hakutaja hata moja. Dada yake alibaki na uso wa muuguzi dakika nzima: amekaa sakafuni, anacheka na kulia, wenzake wakimwangukia mmoja baada ya mwingine. Hakuna sabuni iliyoingia kati.

Miaka yote ya kazi yao, ndugu hao hawakuwahi kumwona mshindi kwa macho yao, ingawa walikaa hatua chache tu kutoka uwanjani. Bi Tulia alimkabidhi msaidizi wake kiti, akavua vipokea sauti, akamshika mdogo wake mkono. Wakaingia ukumbini kombe lilipokuwa linainuliwa, wakajipenyeza hadi mbele. Dada akapiga vigelegele, na Chapuchapu akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.