Bunduki ya Jicho la Kushoto

Jicho la kulia la mzee Matevž lilizimika mwezi wa pili, asubuhi, akiwa anakoroga kahawa. Halikumuuma hata kidogo. Alimwambia binti yake Jerica kwamba kuna mtu amezima taa upande mmoja wa jiko, na Jerica akainua kichwa kuitazama taa kabla hajaelewa. Hospitalini wakaambiwa ni mshipa mdogo umeziba nyuma ya jicho, na kwamba kilichokufa humo hakifufuki.

Tangu siku ile mzee hakutia mguu kwenye kibanda cha wawindaji. Sababu aliitaja mara moja tu. Wawindaji wa bonde la Lož hawaamkiani kwa kuulizana hali, wakikutana huambiana, "Jicho jema!"

"Nitawaitikia nini?" Matevž aliuliza. "Nusu?"

Akakaa nyumbani. Alikuwa mtu wa kugombana na kila kitu: na redio, na mvua, na supu iliyopungua chumvi. Sasa aliinywa supu kama ilivyo, akashukuru. Kushukuru huko ndiko kulikomtisha Jerica. Mzee asiyelalamika ni nyumba isiyotoa moshi.

Bunduki yake ilitundikwa juu ya jiko la vigae. Ilikuwa Mauser ya kuvuta komeo, nzee kuliko yeye. Unavuta komeo la chuma, ganda linaruka, unalisukuma, risasi inaingia, hakuna zaidi. Miaka ya vita baba yake aliificha katika banda la mizinga ya nyuki, na hadi leo, ukikisugua kitako chake kwa kiganja mpaka kipate joto, hutoa harufu ya nta. Matevž alikuwa fundi wa vitako vya bunduki, ile sehemu ya mti inayoegemea begani, tangu ujanani. Mikono ilipoanza kumtetemeka alimwachia Jerica karakana, pamoja na randa, patasi, tupa na wateja. Ulimi mkali Jerica alikuwa nao tayari.

Siku moja ya mwezi wa tatu akaja Zdravko, mtoto wa dada yake Matevž, mwindaji hodari na mlaji hodari zaidi. Alimaliza sahani ya ugali wa ngano nyeusi na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, akapangusa midomo, akainua macho juu ya jiko.

"Mjomba, hilo gobore litashika kutu hapo."

"Shika kutu wewe," alisema Jerica. "Naipaka mafuta kila wiki."

"Sikusema na wewe, binamu, nasema na mwenye mali. Mjomba, nipe mimi. Nitaitoboa juu matundu manne, nifunge darubini. Hilo gogo tunalitupa, naiwekea kitako cha plastiki, chepesi, hakiogopi mvua. Itakuwa kama mpya."

Jerica akangoja baba yake alipuke. Kwa neno moja tu kati ya hayo, mwaka jana, Zdravko angetoka nje na sahani kichwani.

"Chukua," mzee alisema. "Ngoja Jumapili ya shabaha. Nitaileta machimboni mwenyewe, nikukabidhi mbele ya watu, iwe halali."

Jumapili ya shabaha huja mwisho wa mwezi wa nne, kabla ya msimu wa paa kufunguliwa. Kila mwindaji hupeleka bunduki yake kwenye machimbo ya mawe, akapiga risasi tatu kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wao. Asiyepita hapandi msituni. Asiyefika amejitoa mwenyewe.

Zdravko alipoondoka, Jerica alishika kiuno. "Baba, umeitoa bunduki ya babu ikatobolewe kama chujio?"

"Bunduki inataka jicho, mwanangu. Yeye anayo mawili."

"Unalo la kushoto."

"Na bega la kushoto je? Utaniazima lako?"

Hapo alikuwa na hoja. Bega hilo lilivunjwa na gogo la msonobari miaka mingi nyuma, na mkono wake haukupanda tena zaidi ya kifua. Bega zima lilikuwa la kulia, jicho zima la kushoto, na katikati yao kulikuwa na pua. Lakini kuna kitako cha watu wa namna hiyo. Hukaa bega la kulia, kikapinda shingoni kama barabara inayokwepa mwamba, kikapeleka mtutu mbele ya jicho la kushoto. Matevž mwenyewe aliwahi kumchongea kimoja seremala wa Postojna, na Jerica alikumbuka jinsi watu walivyocheka hadi seremala alipoangusha nguruwe mwitu.

"Nitakuchongea kipya," alisema. "Cha babu tunakivua, tunakiweka. Usipokipenda, unavirudisha vyote kama vilivyokuwa, unampa huyo mlafi."

Mzee aliitazama supu yake. "Fanya upendavyo," alisema kwa upole, na Jerica alitamani angemtukana.

Ubao ulikuwapo. Ulilala darini mwa karakana, wa mjozi, mweusi kwa mistari kama maji yaliyokorogwa. Matevž aliupasua wakati Jerica alipokuwa mtoto wa kutambaa, akauweka ukauke kwa ajili ya bunduki ya binti yake siku atakapokuwa mwindaji. Jerica hakuwa mwindaji. Alipenda bunduki jinsi wengine wanavyopenda saa za ukutani, na damu ilimgeuza tumbo. Ubao ukabaki, na hakuna aliyeutaja.

Akampima baba yake pale jikoni, kwa fimbo ya ufagio. Kwa fundi wa vitako kanuni ni moja. Unamwambia mtu afumbe macho, ainue bunduki begani jinsi mwili unavyotaka, kisha afumbue. Pale jicho lilipoangukia, hapo ndipo mti uende. Mwili hauongopi macho yakifumbwa. Lakini tangu ule mshipa uzibe, Matevž akifumba macho aliyumba kama mlevi. Jerica akamwonea huruma. "Basi yaache wazi," alisema. Mzee akainua ufagio, akainamisha shingo, akatulia. Jerica akaandika vipimo kwa chaki mlangoni.

Wiki nne alichonga. Alishikilia chuma cha bunduki juu ya taa ya mafuta kikaingia masizi, akakikandamiza kwenye mti, akakitoa. Palipobaki peusi, hapo ndipo palipogusana, akapakwangua kwa patasi upana wa unywele. Akarudia, na kurudia, hadi weusi ukaenea kote sawasawa, chuma na mti vikalaliana bila nafasi ya jani. Kisha ule mpindo. Aliuchonga kama anayechonga shingo ya bata, akaupiga msasa, akaupaka mafuta ya kitani. Baba yake alipita mlangoni mara moja moja, akasimama, akaondoka bila kukosoa.

Siku tatu kabla ya Jumapili alimwita.

"Inua, Baba."

Mzee akainua. Kitako kikakaa begani kama kimezaliwa hapo. Akainamisha shavu. Nje kuku alitaga na kuwatangazia majirani.

"Unaona nini?"

"Mti," alisema Matevž. "Mti mzuri sana."

"Alama ya kulengea, ile ya mbele, huioni?"

"Nikijikunja naiona." Akajikunja, shingo ikatetemeka, akaishusha bunduki taratibu juu ya meza. "Umefanya kazi safi, Jerica. Kosa ni la kichwa hiki. Miaka sitini kinakwenda kulia, hakijui njia nyingine. Mpe Zdravko."

Akatoka. Jerica akaketi juu ya kigoda akikitazama kile kitako. Hasira ilimpanda kwanza, kwa mzee, kwa mshipa, kwa Zdravko na plastiki yake. Kisha macho yakaenda mlangoni, kwenye chaki. Akamwona tena baba yake na ufagio, shingo ameinamisha. Ameinamisha kwenda kushoto, ambako hajawahi kuinamia tangu azaliwe.

Akaibeba bunduki, akamkuta kwenye banda la nyuki, ameketi jua likimpiga usoni.

"Nilikupima ukinisaidia," alisema.

"Unasemaje?"

"Na ule ufagio. Ulijikunja ili mimi nisihangaike. Ulinipa kipimo cha kunifurahisha, na mimi, fundi mzima, nikakipokea. Macho wazi! Mwanafunzi wako angefanya hivyo zamani ungemfanyaje?"

Matevž alikuna kidevu. "Ningemchapa na huo ufagio."

"Basi simama."

"Nitaanguka."

"Simama, Baba."

Akasimama. Jerica akamtia bunduki mikononi, akaenda nyuma yake, akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, paji lake likiegemea mgongo wa koti zito la sufu. Zamani mikono yake haikufika mbele ikakutana. Sasa ilikutana na kupitana. Mzee alikuwa amepungua hivyo, na Jerica hakujua, kwa kuwa alimtazama kila siku.

"Fumba."

Akayumba. Jerica akakita miguu. Alisikia moyo wa mzee ukigonga kupitia sufu, haraka, kama wa sungura.

"Nimekushika. Inua."

Akainua. Safari hii hakujikunja. Kichwa kilikwenda kulia, kule kwake kwa siku zote.

"Sasa fumbua, usisogee. Niambie alama iko wapi."

"Kushoto kwa jicho. Vidole viwili."

"Vidole vyako au vyangu?"

"Vyangu. Vyako ni vijiti." Kisha akaongeza, "Na usinibane hivyo, mimi si mzinga."

Jerica akacheka, uso ndani ya koti la baba yake, machozi yakimtoka.

Lakini mti ulikwisha chongwa, na mti haurudishiwi nyama. Ilibaki njia moja: kuupinda kwa mafuta ya moto, urudi kulia vidole viwili. Kesho yake alibana kitako kwenye jiliwa, akazungusha vitambaa kwenye shingo ya kitako, akamimina mafuta ya kitani yanayochemka, kidogo kidogo, tena na tena, hadi mjozi ulipolegea. Hapo ndipo unapokaza parafujo robo mzunguko, unangoja, unakaza tena. Ukizidisha, mti unapasuka. Ubao mwingine kama ule haukuwapo nyumba ile.

Matevž aliingia bila kuitwa, akavuta kigoda, akatega sikio karibu na mti.

"Bado," alisema. "Mimina."

Akamimina.

"Robo."

Akakaza. Mti ukalia, mlio mwembamba kama wa mlango wa mbali. Jerica akaachia mkono kama aliyeungua.

"Nani kakwambia uachie? Huo ni mlio wa uvivu, si wa kupasuka. Mti unapiga miayo. Ukitaka kupasuka haulii, hunyamaza. Kaza, we mtoto! Nimekufundisha nini mimi?"

Alikuwa anagomba. Jerica akakaza, akauma midomo asicheke, asije akamkatiza.

Jumapili ilikuwa na jua na baridi. Machimboni wawindaji walijipanga na kofia zao za manyoya, chupa ya pombe ya mapeasi ikizunguka kwa siri isiyomficha mtu. Mwenyekiti Ludvik alimwona Matevž, akafungua kinywa kumwamkia, akakumbuka, akameza. "Habari za asubuhi, Matevž," akasema. Mzee akaipokea salamu hiyo kama mtu anavyopokea mfupa.

Zdravko akaiona bunduki. "Mama yangu! Mjomba, imekanyagwa na trekta?"

"Imekanyagwa na binamu yako. Kaa kando."

Akaenda kwenye meza ya kupigia. Jerica alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumdaka, mbali kiasi cha kutomwaibisha. Matevž akavuta komeo, akasukuma. Akainua. Kichwa kikaenda kulia jinsi kilivyozoea, na mtutu ukaja wenyewe mbele ya jicho lililo hai.

Risasi ya kwanza ilikwenda chini, ukingoni mwa karatasi. Mtu akakohoa. Ya pili ikaingia kwenye duara jeusi la katikati. Ya tatu ikaikaribia ya pili upana wa kidole.

Ludvik aliitazama karatasi kwa darubini, kisha akaitazama tena. "Amepita," alisema. "Mzee amepita."

"Ile ya kwanza ni upepo," alisema Matevž.

"Hakuna upepo, Mjomba."

"Ulikuwapo. Wewe ulikuwa unakunywa."

Watu wakaangua kicheko. Zdravko naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, akanyoosha mkono. "Haya, tuionje." Akaiweka begani, akainamisha shavu, akahangaika kulia, akahangaika kushoto. "Naona msonobari. Naona mti tu na msonobari. Hii bunduki haioni!"

"Haikuoni wewe," alisema Matevž, akaichukua kutoka mikononi mwake. "Nilikuahidi, nakumbuka. Nimevunja ahadi. Njoo Jumatano tukuchinjie bata tuyamalize."

"Na nyama ya kusaga iwepo," alisema Zdravko.

Waliposhuka njia ya mawe Jerica alitembea upande wa kulia wa baba yake, ambako makorongo yalimjia bila yeye kuyaona. Mzee aligomba njia nzima. Mpindo ungeweza kuwa mrefu zaidi kidogo. Mafuta hayajakauka vizuri. Ludvik anapima kama kipofu.

"Alfajiri ya siku ya kwanza ya paa nitakuwa kwenye kile kiti cha juu cha kuvizia wanyama, kule msitu wa Mlaka," alisema. "Ila upande huu siuoni. Dubu anaweza kunijia akanisalimu."

"Mchukue Zdravko."

"Zdravko anatafuna."

"Mimi nakoroma, Baba. Na ukimpiga paa nitatapika juu ya kofia yako."

"Koroma," alisema Matevž. Alipapasa upande wake wa giza hadi akaupata mkono wa binti yake. "Tapika pia. Mradi ukae huku."