Karatasi ya Kumi na Moja

Tulikuwa wanawake weusi kumi pale Filadelfia, mwaka wa 1834. Kila Jumanne alasiri kila mmoja alitumbukiza sandukuni insha moja isiyo na jina. Keturah, mwenye nyumba, alizisoma kwa sauti huku sisi tukishona, kisha tukazichambua bila huruma. Ndivyo tulivyonoa kalamu kabla ya kupeleka magazetini maandishi yetu ya kupinga utumwa.

Jumanne moja zikatoka karatasi kumi na moja.

"Kuna mlafi humu," alisema Zilfa, mwenye ulimi wa wembe. "Kaandika mbili."

Keturah akasoma: "Mwanamume mwenye kovu kidevuni ameshuka melini. Ana hati ya hakimu ya kumkamata mtoro. Anamtafuta Sabra."

Sindano ilinichoma kidole. Wao walinijua kwa jina la Lea. Sabra nilimwacha Maryland, usiku niliomtoroka bwana aliyenimiliki, na jina hilo sikumtajia mtu yeyote.

"Si mbaya," Zilfa alisema. "Lakini huyo Sabra anajisikiaje? Msomaji atalia kwa lipi?"

"Na Mungu yuko wapi?" aliuliza mwingine.

Wakaichambua nusu saa nzima. Mimi nami, nisije nikashukiwa, nikasema sentensi zake ni fupi mno.

Wiki iliyofuata Keturah alizihesabu karatasi zikiingia: kumi. Akafunga sanduku, akaukalia ufunguo. Alipofungua, zilikuwa kumi na moja, na wino wa moja, bado mbichi, ulimchafua vidole.

"Ameonyeshwa mtaa," alisoma. "Ameonyeshwa mlango. Mwanangu, mbona bado umekaa?"

"Haya, sasa kajifunza kufunga insha," Zilfa alianza, kisha akaona vile vidole, akaweka sindano chini.

Maneno yale ya mwisho niliyajua. Mama aliniambia hayo hayo usiku ule wa kutoroka, mlangoni mwa kibanda chetu, akanisukuma gizani. Mama hakujua kuandika hata herufi moja. Naye alikufa kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka.

Nikasimama. "Sabra ni mimi."

"Shoga!" Zilfa alifoka. "Na ukatuacha tukosoe sentensi?" Tayari alikuwa akinivisha koti lake na kofia yake. "Ni mbaya, najua. Hakuna mwanamume atakayekutazama mara mbili. Toka!"

Nilipokuwa nikishuka uani, mlango wa mbele uligongwa.

Yaliyofuata niliyapata kwa barua ya Zilfa, nilipokwisha kuvuka mpaka kuingia Kanada.

"Mwenye kovu aliingia kwa vishindo," aliandika. "Akaangaza macho, yakakwama kwenye kiti chako kitupu. Akavua kofia. Akasema, 'Samahani, mama,' akatoka kinyumenyume, jasho likimtiririka. Sisi hatukuona mtu pale kitini. Hadi leo hakuna anayekikalia kiti kile, hata mimi, nawe unanijua."