Baba Aliyeachwa kwenye Nyota

Chiriku alikuwa na miaka arobaini na sauti ya mtoto wa miaka kumi, na sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Katika studio ya kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni, yeye ndiye aliyekuwa paka, mbuzi, na kichanga kinacholilia ziwa. Midomo ya mwigizaji inafunguka kwenye skrini, naye anatia Kiswahili humo humo, kianze inapofunguka na kiishe inapofungika. Kazi hiyo usiidharau. Wengi wameingia kwenye kile chumba chenye magodoro ukutani wakijiona wasemaji, wakatoka wamenywea.

Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepewa msichana mkuu. Tena wa filamu gani! Ya kile kitabu cha zamani ambacho mama yake aliwasomea yeye na kaka yake walipokuwa wadogo: msichana anavuka nyota kumtafuta baba yake, mpima anga, aliyenaswa kwenye mji ambako watu wote wamesahau majina yao. Kitabu kilikuwa cha lugha ya kigeni. Mama, aliyeijua tangu shule, alikuwa akitazama ukurasa na kuwasimulia kwa Kiswahili papo hapo.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka wakafika mwisho. Kwenye filamu, baba na binti wanatoka pamoja, na msichana anaingia jikoni mbio kumwita mama yake. Chiriku akavua vile vya masikioni.

"Hapa wamekosea," akasema.

Msimamizi wa studio, mwanamke asiyependa mchezo, akasimamisha picha. "Nani kakosea?"

"Waliotengeneza filamu. Baba harudi! Anaushikilia mlango kwa ndani ili binti yake atoke, halafu unamfungia huko. Ndiyo raha ya kitabu chote. Wamekiharibu ili watu watoke sinema wakichekacheka."

"Chiriku, sisi tunaingiza sauti. Hatutungi."

"Basi tubadilishe maneno. Kwa nini watoto wetu wadanganywe?"

Walibishana mpaka fundi mitambo akaenda kunywa chai. Wakajaribu tena na tena, lakini kila alipofika pale sauti ilimtoka kavu, kama anasoma tangazo la kukatika kwa maji. Mwishowe Msimamizi akauliza, "Hicho kitabu umekisoma?"

"Nakijua kwa ghibu."

"Nimeuliza kama umekisoma."

"Nitakuletea ujionee mwenyewe."

"Ulete usilete, shauri yako. Ila kesho asubuhi ukishindwa tena, msichana nampa mwingine, na yote uliyorekodi yanafutwa. Sina ugomvi na wewe, mdogo wangu. Nina tarehe ya kukabidhi."

Chiriku alitoka pale amefura. Alitamani kuwa yule msichana maisha yake yote, na kumpoteza kungemuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Lakini mwisho ule nao ndio uliomlea. Baba yake mwenyewe alipokwenda kutafuta kazi mbali akapotelea huko, mtoto hakumlaumu. Alijiambia kuna mlango mahali anaushikilia. Ukubwani aliujua ukweli, kwamba huko kuna mke mwingine na watoto wengine. Baba huyo alimtoa moyoni. Yule wa kitabuni alimbakiza.

Alimkuta mama yake anapinda sare ya shule ya mtoto wa watu.

"Shikamoo, Mama. Kile kitabu cha nyota kiko wapi?"

"Marahaba. Chini ya mguu wa kabati. Ukikitoa vyombo vikianguka, utaviokota wewe."

Chiriku akasukumia kipande cha ubao mahali pake, akakipangusa kitabu vumbi. Lugha ile alikuja kuijua kazini, ila kitabu chenyewe hakuwahi kukifungua. Cha nini, na anakijua? Akaenda moja kwa moja sura ya mwisho. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba baba anarejea nyumbani.

"Mama," akasema taratibu, "mbona humu anarudi?"

"Anarudi, eeh."

"Wewe ulisema alibaki!"

"Nilisema." Mama hakuinua hata macho. "Asubuhi ya siku tuliyofika sura hiyo shemeji yangu alikuja kunipa habari kwamba baba yenu kaoa huko aliko. Jioni ninyi mnataka hadithi. Nafungua, nakutana na kichwa hicho. Nikasema hapana, hilo halitatoka kinywani mwangu. Mngeanza kungoja. Nikamwacha hukohuko kwenye nyota. Tena nilimpa na ushujaa juu. Mlitaka nini zaidi?"

"Leo nimegombana na studio nzima, Mama! Nimewaita waongo! Kazi itanitoka kwa sababu ya mwisho ulioutunga wewe!"

"Ulikuwa mbaya?"

"Ulikuwa mzuri! Ndiyo balaa lenyewe!"

Mama akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Chiriku hakucheka. Alikuwa na hasira, na alimwonea mama yake huruma, na hakujua aanze na lipi. Akavuta kiti akakaa.

"Sasa anarudije?" Mama akauliza.

"Hukusoma?"

"Nisome nini? Nilikifunga siku ile ile. Kilikuwa kimeniudhi. Hebu niambie, anarudije huyo bwana?"

Chiriku akamsomea, macho ukurasani, Kiswahili mdomoni. Yule baba amesahau kila kitu, hata binti yake hamtambui. Msichana anajaribu majina yote, hayamgusi, mpaka anamwita lile ambalo mkewe humwita akimgombeza. Hapo anageuka.

"Hilo lazima ageuke," Mama akasema. "Mwanamume gani asiyelijua?"

Wanatoka. Kumekucha. Baba anasita uani, anaona haya, na msichana anamtangulia jikoni. Hapo Chiriku hakukumbuka skrini wala midomo ya mtu. Sauti ya msichana ilimtoka yenyewe.

"Mama! Mama, acha hivyo vyombo, njoo! Baba amerudi!"

Na mama yake, aliyeyajua yote kuliko mtu yeyote, akageuka kutazama mlangoni.

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Akairudia sare yake, akautafuta upindo kwa vidole, hakuuona.

"Mtu mzima mimi," akasema huku machozi yanamtoka. "Aibu gani hii."

"Mama, basi. Nisiendelee."

"Endelea. Nataka kujua kama huyo mama alimpokea."

Chiriku akaendelea. Alimpokea, baada ya maneno makali kidogo, na Mama akasema ni sawa, ila yeye maneno angeyaongeza.

Asubuhi Msimamizi alikuta kitabu mezani kwake. Hakukifungua. Chiriku alikuwa amekwisha kuvaa vile vya masikioni. Picha ikaanza, mlango wa jikoni ukafunguka kwenye skrini, na Chiriku akamwita mama yake kwa namna ambayo angegeuka tena. Walirekodi mara moja tu.