Mdomo Uangalie Ukutani

Pampu mpya ndiyo iliyoleta balaa lote. Ile ya zamani ilikuwa ikikohoa tu, maji yakizunguka kivivu ndani ya tangi la kioo, na Bi Harusi, samaki mwekundu mwenye mkia mrefu kama shela, alijitembeza humo kwa maringo yake yote. Mwenye samaki alifunga pampu mpya asubuhi aliyoondoka na lori lake, wala hakusubiri kuona matokeo. Maji sasa yalitoka kwenye mdomo wa bomba kama yana ugomvi na mtu. Bi Harusi alibanwa kwenye kona, mkia umemfunika uso, na chakula kikampita kwa kasi bila yeye kuambulia hata punje.

Mkewe, fundi cherehani, aliachiwa mizigo miwili: samaki wa mume na shangazi wa mume. Samaki angalau alikuwa kimya. Shangazi alikuja kutembea, na ndani ya mkoba wake alikuwa na ufunguo wa chumba cha mbele cha nyumba yake, kile kinachotazama barabara. Fundi alikitamani chumba hicho hadi akakiota. Alikuwa akishonea chumbani kwake, wateja wanapimwa kiuno huku wameegemea kitanda cha ndoa, na mumewe alishachomwa na sindano mahali pasiposemeka. Shangazi aliahidi kumwachia ufunguo siku ya kuondoka, "nikiridhika." Hakusema aridhike na nini. Basi fundi akawa anamridhisha kwa kila kitu, hasa kwa kumsikiliza.

Na kusikiliza kulikuwa kazi. Shangazi alikuwa na neno juu ya chai, juu ya mapazia, juu ya namna mkasi unavyoshikwa, na juu ya majirani ambao hata hajaonana nao.

Mchana mmoja shangazi alipojilaza, fundi alimpigia mumewe. Aliweka simu spika, maana mikono yote miwili ilikuwa majini hadi viwikoni.

"Mdomo ni mkali mno," alisema. "Humu ndani hapakaliki."

"Nilijua tu," mume alijibu. "Ugeuze uangalie ukutani. Nguvu yote iishie huko."

"Na usipotulia?"

"Uzibe na sponji. Utanyooka."

Nyuma yake, kwenye korido, ndala zilizokuwa zikiburuzwa zilisimama ghafla, kisha zikarudi zilikotoka. Fundi, kwa kuhangaika na bomba, hakugeuka.

Alielekeza mdomo wa bomba kwenye kioo cha nyuma. Maji yakapungua ukali, lakini si vya kutosha. Akatafuta sponji nyumba nzima asipate. Kilichokuwepo ni gauni la shangazi, lililoletwa lipunguzwe kiuno, na ndani yake sponji mbili nene za mabegani. Fundi aliangalia mlango, akafumua moja, akaifunga kwenye bomba kwa uzi imara. Maji yakatulia. Bi Harusi akakunjua mkia na kula kwa pupa.

Jioni alimkuta shangazi amekigeuza kiti, ameukabili ukuta, kikombe mapajani.

"Shangazi, mbona umekaa hivyo?"

"Hapa panatosha."

Akainua kikombe, akanywa akiutazama ukuta. Fundi alipanda kitandani akiwaza amekosea nini, na usingizi ulipokaribia ndipo akayakumbuka maneno ya simu. Alicheka ameng'ata mto. Aliapa kumweleza shangazi asubuhi na mapema, na ndiyo ilikuwa nia yake hasa. Ila asubuhi ilikuja na kimya kitamu. Alishona mikono ya shati bila mtu kumwambia imepinda. Akasema, nitamweleza baada ya chai. Kisha, baada ya chakula. Raha ile ilikuwa ya dhambi, naye aliila yote.

Siku iliyofuata alimkuta Bi Harusi yuko juu kabisa, mdomo wazi, anatweta. Sponji ilibana kupita kiasi. Maji yalilala kama ya beseni, hewa haiingii. Fundi alilegeza uzi, akainua mdomo wa bomba kidogo, hadi maji ya juu yakaanza kutikisika taratibu. Samaki akashuka. Fundi akafuta mikono na kuutazama mgongo wa shangazi. Nyumba nayo ilikosa hewa. Isitoshe, alipogeukia ukuta shangazi alikuwa amekatisha katikati habari ya jirani yake aliyemfungia mumewe nje, na fundi alikuwa anakufa kwa hamu ya kujua mume aliingilia wapi.

"Shangazi," alisema, "ule mdomo ulikuwa wa bomba."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana ulipokwenda sokoni. Nilikwenda kumwona samaki, nikaona mdomo umegeuzwa ukutani, na bega la gauni langu limefungwa juu yake."

Fundi alitamani sakafu ipasuke.

"Sasa mbona umeendelea kukaa hivyo?"

"Nilitaka kuona utanieleza lini." Shangazi aligeuza kiti, wakatazamana. "Umefaidi?"

Fundi alitafuta uongo, asiupate upesi. "Nimefaidi sana, shangazi."

Shangazi alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akaushika hewani.

"Na yule mume aliyefungiwa nje?" fundi aliuliza, ili asiutazame sana ufunguo.

"Nitakusimulia dukani kwako."

"Dukani?"

"Chumba ni chako, mwanangu, nimeridhika. Ila niwekee kiti changu mlangoni, nitakuwa nakuja kila siku. Na kiangalie barabarani."

Fundi aliupokea ufunguo kwa mikono miwili na kushukuru kwa dhati. Halafu akalitazama gauni lililotundikwa, lile bega moja lililobaki, akalipima kwa macho kama lingetosha mdomo wa pili.