Mashine ya Pili

Krrr, krrr, krrr. Feni ilikuwa ikikwaruza nyuma ya mlango wa stoo kabla Fundi hajaingiza ufunguo. Ndani, juu ya kreti la soda, ilikaa kompyuta kuukuu aliyoiokota kwenye takataka za ofisi, akaichomekea kadi nne za mtandao za bei ya kutupa, ikawa inaunganisha mtandao wa kituo kizima cha afya. Wauza mitambo mikubwa walimcheka. Miaka miwili sasa inachapa kazi. Leo ilipata joto, ikaganda.

Pembeni ilikuwepo mashine pacha yake, iliyotengenezwa ishike zamu pindi ile ya kwanza ikizimika. Fundi hakuwahi kuiunganisha. Aliwaambia watu bado anaijaribu. Ukweli aliujua yeye: mtandao ukikatika, anapigiwa simu. Usipokatika, simu inalala wiki nzima kama jiwe, naye anakula akitazamana na ukuta.

"Umefika, kaka?" Mkunga alisimama mlangoni, jasho likimtiririka.

"Feni tu, dada. Dakika tano."

"Baki nazo dakika zako! Nina mzazi anavuja damu, majibu yake yamekwama maabara. Tukakaa tukisema mtandao utarudi, utarudi. Mwisho nimezifuata mwenyewe karatasi, napanda ngazi kama mbuzi."

"Yuko...?"

"Yupo. Kaponea chupuchupu." Akaitazama mashine ya pili. "Na hii? Si ndiyo ya akiba?"

Fundi alikuwa na majibu ya kila mtu, hata ya wale wauza mitambo. Safari hii aliinama, akafuta vumbi juu ya ile mashine.

"Iko tayari tangu mwaka jana."

"Sasa?"

"Ikifanya kazi, hamtaniita."

Mkunga aligeuka mlangoni. Hakucheka, wala hakumtukana, afadhali angemtukana. Akaondoka zake.

Fundi alisafisha feni, akaiwasha tena mashine ya kwanza, akaiunganisha ile ya pili, kisha akachomoa makusudi waya wa ile ya kwanza. Akasubiri. Mapokezi waliendelea kuandikisha wagonjwa. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyemwita. Kimya kile kilimchoma kuliko kicheko chochote.

Akaurudisha waya, akafunga stoo, akapita wodini. Yule mzazi alikuwa macho, chupa ya damu ikining'inia juu yake.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mama. Fundi wa mtandao."

"Umekuja kutengeneza nini?"

"Nimeshatengeneza." Alishika chuma cha kitanda. "Nakuahidi, mama, hapa hawatanihitaji tena."