Hosiana Alimaliza Zamu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, simu ya mapokezi iliita, na mtu wa upande wa pili akaomba kuongea na meneja kwanza, ndipo aongee na dada yake.

Janeth wa mapokezi aliandika saa hiyo kwenye daftari la simu, kama alivyoandika saa ya kila simu. Akamwita meneja Benedicto. Benedicto alisikiliza bila kuuliza swali, akavua miwani, akasema ruhusa ipo, kisha akatuma mtu amwite Hosiana kutoka chumba namba nne.

Hoteli ile ilikuwa nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, juu ya kilima nje ya Kabuku. Ilikuwa na vyumba tisa, bustani iliyofagiliwa mara mbili kwa siku, na sheria zilizobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Sheria ya tatu ilisema simu za wafanyakazi zinafungiwa kwenye droo ya ofisi mpaka zamu iishe. Ya saba ilisema mgeni hapewi huzuni ya mhudumu. Hosiana Semboja alizijua zote kumi na mbili kwa mpangilio wake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita, na kadi za wageni alizojaza yeye ndizo Benedicto alizowaonyesha wafanyakazi wapya: mgeni analala upande gani wa kitanda, chai yake ina nini, anapenda kusemeshwa asubuhi au hapendi.

Alipokea simu akiwa bado na taulo begani. Aliyepiga alikuwa mdogo wake, Dennis, kutoka kwao Kerenge.

“Mama hali yake si nzuri,” Dennis alisema. “Njoo leo.”

“Nipe niongee naye.”

“Hawezi kuongea sasa hivi. Wewe njoo.”

Nyuma ya sauti yake Hosiana alisikia viti vikiburutwa na wanawake zaidi ya watatu wakisemezana kwa Kishambaa. Kisha simu ikakatika. Aliomba droo ifunguliwe, akapiga namba ya mama kwa simu yake mwenyewe. Haikupatikana. Akairudisha simu kwenye droo, na moyoni mwake akawa amehitimisha: mama amekufa.

Hakufikia hapo kwa woga. Kwao, na kwa watu wengi wa Korogwe na Handeni, habari ya msiba haipitishwi kwenye simu kwa mtoto aliye mbali. Mtoto anaitwa nyumbani kwa maneno mepesi, mkubwa wake wa kazi anadokezwa pembeni ili amtazame, na ukweli anaukuta mlangoni, akiwa ameshikwa mikono huku na huku asianguke. Miaka miwili nyuma Dennis alipiga simu hiyohiyo ya mapokezi, akaomba kuongea na meneja kwanza, kisha akamwambia dada yake kwamba baba anaumwa kidogo. Hosiana alimwamini. Stendi ya Korogwe alishuka akanunua machungwa manane, kwa kuwa baba akiwa na homa hakutaka kitu kingine, na njia nzima aliyapakata akifikiria amenye lipi kwanza. Alikuta turubai limeshafungwa uani. Hakuna aliyempokea mfuko. Aliingia nao mpaka ndani, akapeleka mkono chini ya shuka akaugusa mguu wa baba, na mguu ulikuwa wa baridi kama chupa. Machungwa yalikaa dirishani siku zote za matanga. Hakuna aliyeyala na hakuna aliyethubutu kuyatupa.

Baada ya maziko alimwambia Dennis, shangazi yao akisikia: siku nyingine usinidanganye, kama mtu amekufa, sema amekufa. Dennis alikubali. Asubuhi hii Hosiana aliikumbuka ahadi hiyo, akaipima kama alivyopima kila kitu. Upande mmoja kulikuwa na neno la kijana aliyezungukwa na wazee wasioweza kumruhusu alitimize. Upande wa pili kulikuwa na meneja kuombwa kwanza, mama kutopewa simu, viti kuburutwa. Dalili tatu kwa neno moja.

Benedicto alimwambia gari la hoteli linashuka Segera saa tatu kamili kufuata mboga, apande. Hosiana alimshukuru akasema ataondoka saa saba, zamu ikiisha, kwa sababu mgeni wa chumba namba nne, Bi. Munira, anaondoka leo na hajui mhudumu mwingine. Benedicto akasema sawa. Na yeye alielewa hivyohivyo, kwamba ni msiba. Hakuuliza mama anaumwa nini, mtu haulizi.

Jikoni mpishi, Mzee Mdoe, alikuwa ameshapunguza redio. Alimwendea Hosiana na mikono yenye unga.

“Nenda, mwanangu. Hii miguu ya wageni ya kukandwa haiishi, kesho itakuja mingine.”

“Nikienda sasa nitabadilisha nini, mzee? Hazikwi leo. Ndugu wa Lushoto lazima wasubiriwe.”

“Umeambiwa amekufa?”

“Nani anaambiwa?”

 Mdoe hakuondoka njiani.

“Baba nilimpelekea machungwa,” Hosiana alisema. “Sitakaa tena kwenye gari nikimtumaini mtu ambaye wenzangu wote wanajua hayupo.”

Mzee akampisha. Hosiana akachota maji ya moto.

Bi. Munira alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Tanga, umri wake miaka sabini na minane. Mwanawe alimleta apumzike siku tano, na kila asubuhi, kwa sababu miguu yake ilivimba, aliletewa beseni la maji yenye chumvi na mchaichai. Hosiana aliweka beseni chini ya dirisha linalotazama mashamba ya mkonge, akapiga goti, akakunja mkono akachovya kiwiko. Mama yake ndiye aliyemfundisha, zamani, walipokuwa wakiwaogesha watoto wa jirani. Kiganja cha mtu anayepika kinadanganya, mama alisema, kiwiko hakidanganyi.

Aliuinua mguu wa kulia akautia majini, kisha wa kushoto. Alikanda kutoka vidoleni kwenda juu.

“Leo unakanda kama unafua,” Bi. Munira alisema. “Au umeichoka miguu ya kizee?”

“Samahani, bibi.”

“Nakutania. Siku tano hizi wewe unajua mimi nalala vipi, nakunywa nini, naamka saa ngapi. Mimi sijui hata kwenu. Mama yupo?”

Hosiana aliifikiria sheria ya saba.

“Yupo, bibi. Hajambo.”

“Wapi?”

“Kerenge.”

“Mbali hivyo? Basi nenda ukamkande na yeye. Sisi wazee tunaona haya kuomba.”

Hosiana alisema ndiyo, akavuta taulo. Alijua amemdanganya mgeni. Ilikuwa saa tatu na nusu. Baadaye, alipozipanga saa za siku ile moja baada ya nyingine kwa daftari la Janeth na kwa maneno ya waliokuwepo, aliona kwamba neno lile moja, yupo, lilikuwa kweli.

Saa tano na dakika tano simu ya mapokezi iliita tena. Dennis aliuliza kama dada yake ametoka. Janeth alipotazama kupitia mlango alimwona Hosiana barazani akimfunga Bi. Munira viatu, uso wake umetulia, na hakuwa na moyo wa kumwita. Aliona pia kwamba haitakuwa heshima kuwaambia wafiwa kuwa mtoto wao bado anahudumia wageni. Akasema yuko njiani. Dennis alishukuru, na kabla hajakata simu Janeth alimsikia akilirudia neno hilo kwa sauti kubwa kwa mtu mwingine, taratibu, kama anayesema na kiziwi. Janeth aliandika saa. Hakumwambia Hosiana.

Saa saba kasoro kumi wafanyakazi walijipanga kwenye ngazi za mbele, kama walivyofanya kwa kila mgeni anayeondoka. Bi. Munira aliwapa mkono mmoja mmoja. Kwa Hosiana alisimama, akavua mtandio wake wa pamba, wa rangi ya kijani, akamvisha mabegani.

“Huu si wako,” alisema. “Mpelekee mama Kerenge. Mwambie nimemwazima binti siku tano, na namrudisha.”

Hosiana alisema asante. Gari lilipopinda chini ya kilima wenzake walianza kumpa pole, na alizipokea. Janeth alilia, yeye hakulia. Alirudi chumba namba nne, akavua mashuka, akajaza kadi ya mgeni mpaka mstari wa mwisho: chai ya tangawizi bila sukari, mito miwili, miguu, maji ya vuguvugu, usimkande kwa nguvu. Akatia sahihi ya kutoka zamu saa saba na dakika ishirini.

Benedicto alimtafutia gari dogo lililokuwa likienda Korogwe. Hosiana alikaa nyuma, mikono juu ya mtandio. Droo ilipofunguliwa simu yake ilikuwa na miito saba kutoka kwa Dennis, na hilo pia alilihesabu kama dalili: mfiwa anaulizwa amefika wapi ili watu wajipange kumpokea. Alimtumia ujumbe kwamba yuko njiani. Alipofika stendi ya Korogwe wauza machungwa walikuwa pale pale, kila mmoja na rundo lake. Mwanamke mmoja alimwonyesha manane kwenye sahani. Hosiana alitikisa kichwa. Marehemu hali machungwa. Akatafuta bodaboda wa kwenda Kerenge.

Saa kumi na dakika ishirini na tano bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yao, na Hosiana, aliyezoea kuingia chumba na kuona kwa mara moja kilichokosekana, aliona.

Hapakuwa na turubai. Hapakuwa na viti uani, wala sufuria kubwa, wala kuni. Kwa nyumba yenye msiba tangu asubuhi, saa kumi jioni, lazima moto uwe umewaka, wanaume wawe wamekaa, daftari la majina liwe mezani. Uani palikuwa na kitanda cha mama tu, kimetolewa nje na godoro juu yake, na gari la kukodi lililofunguliwa mlango wa nyuma. Mtu mmoja alikuwa akija njiani na turubai begani, ndiyo kwanza analileta. Ndani mwanamke alianza kulia kwa sauti kavu, ya mwanzo, kilio ambacho bado hakijapata wa kukiitikia.

Dennis alitoka akasimama mlangoni. Hakuna aliyekuja kumshika Hosiana mikono. Hakuna aliyekuwa amepata muda wa kujipanga.

“Ulikuwa wapi?” Dennis aliuliza. “Walisema uko njiani tangu saa tano.”

“Amekufa saa ngapi?”

“Sasa hivi. Saa kumi kasoro dakika kumi.”

Akaeleza vitu kwa mfululizo, bila kupandisha sauti. Mama alianguka jikoni alfajiri, mdomo ukapinda, ndiyo maana hakuweza kuongea kwenye simu. Viti waliviburuta ili kitanda kipite. Simu ya mama ilizima, nani angekumbuka kuichaji. Meneja aliombwa kwanza kwa sababu Pasaka Hosiana alinyimwa ruhusa. Nesi wa zahanati alikuja saa nne akasema apelekwe Korogwe, na gari likaletwa. Mama akakataa kupandishwa. Alisema, kwa mdomo ule ule, mara mbili, kwamba anamsubiri Hosiana. Dennis akamwambia yuko njiani. Basi akatulia, akasubiri.

“Nilijua ameshakufa,” Hosiana alisema. “Uliponipigia.”

“Ningekwambia.”

“Hamsemi.”

“Wewe ulinikataza kukudanganya, dada. Mbele ya shangazi. Nikakwambia hali si nzuri, njoo leo.” Dennis alijifuta uso kwa mkono wa shati. “Sikukudanganya.”

Hosiana alipita ubavuni mwake akaingia ndani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alisogea kumpisha. Mama alikuwa amelazwa chini, amefunikwa kitenge mpaka kidevuni, macho yamefungwa, upande mmoja wa mdomo bado umeshuka. Hosiana aliukunjua mtandio wa kijani akautandika juu ya kitenge. Akapiga goti kwenye miguu, mahali anapojua kukaa, akainua pindo.

Aliushika mguu wa kulia kwa kiganja. Halafu, kwa kuwa kiganja kinadanganya, akakunja mkono akaugusa kwa kiwiko.

Ulikuwa na joto.